KUOKA PASIPO OVENI: SOMO LA JOTO KUTOKA UANI KWETU

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha habari za joto katika Kidato cha Pili, nikauliza swali ambalo nililidhani kuwa jepesi: "Kwa nini mkate uliomo ndani ya oveni huiva juu na chini kwa wakati mmoja?" Mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono, akasema, "Mwalimu, swali hilo si letu. Kwetu hakuna oveni, wala mtaani kwetu sijapata kuiona." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nami nimekulia katika nyumba isiyokuwa na oveni, na pamoja na hayo nimesomeshwa kwa mikate.

Mama yangu alioka mikate ya kumimina uani kwetu, mjini Tanga, kwa miaka mingi. Vyombo vyake vilikuwa jiko moja la makaa, sufuria tatu, kipande cha bati, koleo, na pepeo la ukindu. Kwa mikate hiyo nilinunuliwa sare na madaftari, na taa ya kusomea usiku. Hakupata kusoma fizikia, lakini sheria zake alizitii kila siku. Na siku zilipovunjwa, zilituadhibu bila huruma, kama nitakavyosimulia. Basi leo nataka kuwaeleza wanafunzi, na wazazi pia, jinsi ya kuoka bila oveni, na sababu ya kila hatua. Anayejua hatua bila sababu hubahatisha tu siku vyombo vinapobadilika.

OVENI NI KITU GANI?

Oveni si kitu cha ajabu. Ni sanduku lenye joto kavu, na kazi zake ni tatu: kuleta joto pande zote za chakula, kulizuia lisitoroke, na kuliweka katika kiasi kimoja kwa muda unaotakiwa. Chombo chochote kitakachofanya kazi hizo tatu ni oveni, hata kikiwa sufuria kuukuu.

Sasa tutazame vipimo. Keki huokwa vizuri katika joto la nyuzi 160 hadi 180 za Selsiasi, na mkate wa ngano katika nyuzi 200 hadi 220. Maji, katika miji ya pwani, huchemka kwa nyuzi 100, wala hayapandi zaidi hata ukiongeza kuni kiasi gani. Yatageuka mvuke tu. Ndiyo maana keki iliyopikwa kwa mvuke huiva ndani lakini hubaki nyeupe. Kiini cha mkate huwa kimeiva kikifika nyuzi 95 hivi, lakini ganda la kahawia lenye harufu nzuri halipatikani mpaka uso wa mkate ukauke na kupita nyuzi 140 hivi. Hapo vitu vya jamii ya protini na sukari huungana na kufanya rangi na ladha mpya. Jambo hilo lilielezwa na mkemia wa Kifaransa, Louis-Camille Maillard, mwaka 1912, lakini wapishi walikuwa wakilitumia tangu zamani sana.

Basi taabu ya kuoka juu ya jiko la kawaida ni moja. Moto uko chini tu. Joto hupita katika chuma cha sufuria kwa njia ya mpitisho na kuufikia unga moja kwa moja, na kwa hiyo chini huungua mapema. Juu kuna hewa tu, nayo hewa haipitishi joto upesi. Matokeo yake kila mpishi anayajua: chini kaa jeusi, juu uji mbichi. Swali letu ni hili: tutafanyaje ili joto lishuke kutoka juu?

NJIA YA KWANZA: KUPALIA MAKAA

Jawabu la bibi zetu ni kuwasha moto wa pili juu ya mfuniko. Hii ndiyo kupalia. Bati lililobeba makaa hupata moto sana, nalo hupeleka joto chini kwa mnururisho, kama jua linavyotuletea joto bila ya kutugusa. Tena bati hilo lina faida nyingine. Mvuke unaotoka katika unga hauwezi kugeuka maji juu ya bati la moto, na kwa hiyo hakuna matone yanayoanguka na kuuharibu mkate. Mfuniko usio na makaa hutiririka maji. Hilo mmeliona wote mnapopika wali.

Kanuni ya mama ilikuwa hii: "Makaa ya chini yawe wageni, makaa ya juu yawe wenyeji." Yaani chini yawe machache na juu yawe mengi. Kwa sufuria yenye upana wa sentimita 25 hivi, anza na vipande 7 chini na 14 juu, kila kimoja kiwe kama ukubwa wa yai la kuku. Theluthi moja chini, theluthi mbili juu. Usiyarundike makaa ya juu katikati. Yapange kwa mviringo karibu na ukingo, na machache tu katikati, ili joto lienee sawasawa.

Sasa tuoke mkate wa kumimina wenyewe. Chukua mchele gramu 400, uoshe, uuloweke usiku kucha, kisha uumwage maji. Usage pamoja na tui zito la nazi, kikombe kimoja au kuzidi kidogo, mpaka uwe laini kabisa usisikie chenga kati ya vidole. Tia hamira kijiko kimoja cha chai, sukari robo tatu ya kikombe, hiliki iliyotwangwa nusu kijiko, na ute wa yai moja. Uwe mzito kama uji wa mgonjwa, wala usiwe maji. Funika, uweke mahali penye vuguvugu kwa muda wa saa moja, mpaka uumuke na kutoa povu. Hamira ni vijidudu vyenye uhai: hula sukari na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na hewa hiyo ndiyo inayofanya matundu. Kwa hiyo tui lisiwe la moto, maana likifika nyuzi 60 hamira itakufa na mkate hautaumuka.

Wakati unga unaumuka, washa makaa mpaka yashike yote. Paka sufuria samli, itenge juu ya moto mdogo, kisha mimina unga taratibu bila kuukoroga tena. Uache wazi dakika 5 hivi. Ukiona matundu yanafumuka juu, funika kwa bati na upalie makaa. Baada ya dakika 10 punguza makaa ya chini, yabaki matatu au manne, ukaache yale ya juu yafanye kazi. Kwa muda wa dakika 25 hadi 35 mkate utakuwa tayari. Choma kijiti kikavu katikati; kikitoka safi, umeiva.

Kama huna kipima joto, pima kwa unga wa ngano. Nyunyiza kijiko kimoja cha unga katika kisosi cha bati, ukitie ndani ya sufuria tupu iliyofunikwa na kupaliwa, uhesabu dakika 5. Ukiwa bado mweupe au umepata rangi kidogo tu, joto ni dogo. Ukiwa na rangi ya dhahabu, joto ni la kadiri na lafaa kwa keki. Ukiwa kahawia iliyokolea, joto ni kali. Lafaa kwa mkate wa ngano, lakini keki itaungua.

HARAKA YANGU

Nilipokuwa na umri wa miaka 11, mama alipata kazi ya kuoka mikate sita ya harusi. Wa mwisho ulipokuwa motoni alikumbuka amepungukiwa na nazi za kazi nyingine, akaniambia, "Mwanangu, kaa hapa. Usifunue mpaka nirudi." Nikakaa. Lakini harufu ilikuwa nzuri, nami nilitaka kuhakikisha. Nikafunua mara ya kwanza, nikaona umeumuka vizuri. Nikafunua mara ya pili, na ya tatu. Mara ya nne jivu likaanguka ndani. Mara ya tano nikaona katikati pamebonyea kama kikalio cha kiti kibovu.

Mama aliporudi hakunipiga. Aliukata mkate ule, akaniwekea kipande chenye jivu mbele yangu, akasema, "Kula haraka yako." Kisha akaanza kusaga upya, na ilipofika alfajiri alikuwa bado yuko uani, maana mikate ilitakiwa saa mbili asubuhi.

Miaka mingi baadaye nilifahamu kisayansi nilichokuwa nimefanya. Hewa iliyo ndani ya mkate hupanuka kwa joto na kuunyanyua unga. Kuta za matundu yale, ambazo ni wanga na ute wa yai, hazijawa imara mpaka ziive. Ukifunua mapema, joto hutoroka, hewa hupoa na kunywea, na kuta changa huanguka. Kwa hiyo shika sheria hii: katika nusu ya kwanza ya muda wa kuoka, usifunue kabisa. Baadaye ukifunua, inua bati moja kwa moja juu kwa koleo, bila kuliinamisha.

MAKOSA MENGINE NA SABABU ZAKE

Chini umeungua na juu haujaiva: makaa ya chini ni mengi. Juu umeungua na katikati ni mbichi: makaa ya juu yamekaribia mno, au sufuria ni fupi, acha nafasi ya vidole vitatu kati ya unga na bati. Upande mmoja umeiva na wa pili bado: upepo unapepea upande mmoja, geuza sufuria robo mzunguko kila baada ya dakika 10 bila kuifunua, na bati vilevile. Mkate ni mgumu na hauna matundu: hamira ilikufa au haikupewa muda.

NJIA YA PILI: SUFURIA YA MCHANGA

Njia hii yawafaa wenye jiko la gesi au la mafuta ya taa, ambao hawana makaa ya kupalia. Tafuta sufuria kubwa, nzito, kuukuu, yenye mfuniko unaoshika vizuri. Chekecha mchanga wa mtoni, uuoshe na kuukausha kabisa, kisha utandaze ndani kwa kina cha sentimita 3 au 4. Mchanga wa baharini ukiwa na chumvi huila sufuria. Weka vijiwe vitatu vya kimo kimoja juu ya mchanga, mfano wa mafiga. Funika, uwashe moto wa kadiri kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kutia keki. Kisha weka chombo chenye keki juu ya vijiwe, kikiwa na nafasi ya kidole kizima kila upande, ili hewa ya moto ipate kuzunguka. Funika tena.

Kwa nini mchanga? Kwanza, una uzito, na kwa hiyo hushika joto jingi na kulitoa polepole. Moto ukipungua kidogo keki haisikii. Pili, huutawanya moto wa katikati usichome mahali pamoja. Tatu, hauna maji, basi waweza kupita nyuzi 100 bila taabu.

Keki ya kujaribia ni hii: siagi gramu 125 ipigwe na sukari gramu 150 mpaka iwe nyeupe, mayai 3 yatiwe moja moja, kisha unga wa ngano gramu 250 uliochekechwa pamoja na vijiko viwili vya chai vya beking pauda, na maziwa kiasi cha kulainisha. Kwa moto mdogo itachukua dakika 45 hadi saa nzima. Juu haitakuwa na rangi sana, maana joto la juu ni dogo. Hilo si kosa lako. Ukitaka rangi, ipindue juu ya kikaango cha moto dakika mbili.

Angalia mambo matatu. Usimwage maji juu ya mchanga wa moto. Yatageuka mvuke ghafula na kukurukia usoni. Usitumie sufuria nyembamba, kwa kuwa itapinda. Wala usitie chombo cha plastiki au cha kioo cha kawaida.

WENZETU WAFANYAJE?

Isidhaniwe kwamba njia hizi ni za kimaskini au za kwetu peke yetu. Hapa pwani twajua tanuri la udongo, ambalo mikate ya mofa hubandikwa katika kuta zake za ndani. Huko Zanzibar, mwokaji wa mkate wa ufuta huanza kuuivisha kwenye kikaango, kisha hukigeuza kikaango kielekee makaa ili upande wa juu upate mnururisho wa moto. Tanuri za namna hiyo zajulikana pia Uajemi na Bara Hindi. Nchini Ethiopia mkate mkubwa wa sikukuu hufungwa kwa majani na kuwekewa moto juu na chini. Katika Afrika Kusini na Marekani wasafiri wa zamani walioka katika vyungu vya chuma cha kalibu, navyo vya Marekani vilikuwa na ukingo katika mfuniko ili makaa yasianguke. Uomani nyama ya Idi hufungwa kwa majani na kufukiwa katika shimo la moto, ikaiva humo kwa siku nzima au zaidi.

Hata jua laweza kuoka. Mwaka 1767 Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alitengeneza sanduku lenye vioo kadhaa, nalo likapata joto lililozidi lile la maji yanayochemka. Kwa sanduku la namna hiyo waweza kuivisha keki laini kwa subira, ingawa ganda la kahawia huwa dogo.

HATARI AMBAYO HAINA HARUFU

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya niandike. Wazazi, nawaomba mlisome mara mbili.

Nilikuwa na umri wa miaka 13. Ilikuwa masika, na kesho yake ilikuwa Idi. Mama alikuwa na mikate mingi ya watu. Mvua ikanyesha uani hata makaa yakazimika, naye akaona hana budi kulihamishia jiko chumbani. Upepo ukaleta mvua dirishani, akafunga dirisha. Mlango nao akaurudisha. Makaa yalikuwa yameshika vizuri, mekundu, bila moshi hata kidogo, na chumba kilikuwa na joto la kupendeza. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 6, akasema kichwa kinamgonga. Mama akadhani ni homa. Baadaye akatapika, akalala. Mimi nilijiona mzito, nikaegemea ukuta. Mama akataka kuinuka ili ageuze sufuria, magoti yakamkataa, akaketi chini akitutazama kama asiyetujua.

Jirani yetu, fundi cherehani, alikuja kuchukua mkate wake. Akabisha hodi, asijibiwe. Akasukuma mlango. Alitukokota mmoja mmoja mpaka barazani, katika mvua, nayo mvua ile ndiyo iliyotuzindua. Mdogo wangu alichelewa kufumbua macho, akapelekwa hospitali usiku uleule, akapona. Mkate mmoja ulioagizwa ndio uliotuokoa watu watatu.

Sababu ni hii. Makaa yanapoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na damu haiwezi tena kupeleka oksijeni mwilini. Makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya, kwa kuwa mtu hudhani moshi pekee ndio mbaya. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu, na miguu huweza kukataa kabla akili haijaelewa. Ukiona watu wawili wameumwa kichwa kwa pamoja karibu na jiko, usingoje: watoe nje kwenye hewa safi, kisha wapelekwe hospitali. Okeni nje, au penye paa tu na pande zilizo wazi. Dirisha moja lililofunguliwa nusu si dawa. Wala jiko lisiletwe chumbani usiku kwa ajili ya kuota moto.

Fedha za mikate ya Idi ile mama alizitumia kujengea kibanda cha makuti uani, kisicho na kuta. Mwaka ule hatukuvaa nguo mpya, wala hakuna aliyenung'unika. Kibanda kile kimekwisha kuezekwa upya mara nyingi, na mpaka leo hakijapata ukuta.

KAZI YA KUFANYA

1. Eleza kwa nini makaa ya juu hupasa kuwa mengi kuliko ya chini.
2. Keki ya mvuke huiva lakini haipati rangi ya kahawia. Toa sababu ukitumia nyuzi za joto.
3. Pima joto la sufuria ya mchanga kwa unga wa ngano, baada ya dakika 10 na baada ya dakika 20. Andika uliyoyaona.
4. Nenda ukamwulize mama, bibi au jirani anayeoka: hujuaje kwamba moto umetosha? Andika jawabu lake kwa maneno yake mwenyewe, kisha ueleze sheria ya joto iliyomo.

Kazi ya nne ni ya wavulana na wasichana sawasawa. Mvulana atakayesema kuoka si kazi yake akumbuke kwamba mwalimu wake wa fizikia alianzia kwenye pepeo la ukindu.

Na yule mwanafunzi aliyekaa nyuma? Juma lililofuata alikuja na kipande cha mkate kilichofungwa katika karatasi ya daftari. Akasema, "Mwalimu, bibi yangu ameniambia kwamba oveni tunayo, ila sisi huiita sufuria." Nilimwandikia alama kamili.

Mwalimu wa Fizikia